Mbegu Isiyo na Faida Mwaka Huu



Mtu mwenye ng'ombe wa maziwa katika milima hii yetu ya Usambara hana raha wakati wa kiangazi. Mashamba ni madogo, machunga ya wazi ni haba, na ng'ombe anakaa bandani akingoja aletewe. Kila mzigo wa majani sharti ukatwe bondeni na kupandishwa mlimani kwa kichwa, na aliyeubeba aghalabu ni mama au mtoto. Kwa hiyo hapa Kifungilo na katika vijiji vya jirani watu hawaachi kuzungumza habari za majani ya ng'ombe, na hasa yale ya jamii ya mikunde: desmodiamu, lusani, kaliandra, na fiwi yetu ya zamani ambayo wengine huiita ngwara. Majani ya mikunde yana protini nyingi kuliko mabingobingo. Tena mizizi yake ina vinundu ambamo hukaa vijidudu wasioonekana kwa macho, wanaoteka naitrojeni kutoka hewani na kuigeuza kuwa mbolea. Hayo tuliyafundisha darasani miaka mingi na hayana ubishi.

Ubishi uko kwenye mbegu. Mbegu ya dukani ikipandwa huota yote karibu kwa siku moja, hukua sawasawa, na mvua ikiwa nzuri hutoa majani hata mtu akashangaa. Fiwi ya zamani si hivyo. Ukifungua chombo inamotunzwa utakuta nyeusi, za kahawia, nyeupe na zenye madoadoa zimechanganyika. Ukizipanda, moja hutoa maua mapema na nyingine huchelewa. Moja hutambaa mbali, nyingine hukaa pale pale. Mwaka wa mvua nzuri haishindani na ile ya pakiti. Wanaoendelea kuitunza ni wazee, na hasa akina mama, kwenye kingo zenye mawe na kando ya ua, na vijana wao huwauliza kwa nini wanapoteza ardhi.

Basi, hapa pana maswali mawili. Je, tunawajibika kuitunza mbegu ambayo mwaka huu haina faida? Na kama tunawajibika, nani aibebe gharama yake? Wahubiri na mabwana shamba hupenda kulijibu swali la kwanza, kwa kuwa jibu lake si gumu. Swali la pili hulipita upande wa pili wa njia, kama yule kuhani na yule Mlawi.

Tuanze na lililo rahisi. Mikunde mingi ya porini, ile inayostahimili nchi kame kama nyika ya kuelekea Mkomazi, ina mbegu zenye ganda gumu lisilopitisha maji. Mmea mmoja hudondosha mbegu za namna mbili: chache zilizo tayari kuota mvua ya kwanza ikinyesha, na nyingine zitakazolala udongoni mwaka mmoja, miwili au zaidi, mpaka ganda lilegee kwa joto la mchana na baridi ya usiku. Mvua ya uongo ikija, ile inayonyesha juma moja na kukatika, zilizoota hukauka, lakini ukoo haufi. Sasa mpelekee mkaguzi wa mbegu mfuko wa mbegu hizo. Atazihesabu zilizoota kwa siku chache, ataona ni kidogo, ataandika kwamba mbegu ni mbovu. Wala hakosei kwa kipimo chake. Kipimo chake ni cha mwaka mmoja, na mmea ule umepimwa na miaka maelfu.

Wazee wa Kishambaa walilijua jambo hili bila darubini. Nchi waliigawa mara mbili, shambaai huku juu penye baridi na mvua, na nyika kule chini penye joto. Wengi walipenda kukaa ukingoni mwa milima ili waweze kulima pande zote mbili, maana mwaka wa kushindwa kwa nyika si lazima uwe mwaka wa kushindwa kwa migomba ya juu. Mgeni angeweza kusema kwamba wanajitaabisha bure kwa kupanda na kushuka, afadhali wachague shamba moja zuri. Njaa ilipokuja ndipo ilipoonekana nani aliyejitaabisha bure.

Na tusidhani haya ni mambo ya kale tu. Sote tunaukumbuka mti wa lusina. Ni mti wa jamii ya mikunde uliotoka Mexico na Amerika ya Kati, na katika miaka ya 1970 na 1980 ulisifiwa duniani kote kama mti wa ajabu: malisho, kuni, mbolea, vyote katika mti mmoja. Ukapandwa Asia, ukapandwa visiwa vya Pasifiki, ukapandwa Afrika Mashariki. Lakini sehemu kubwa ya miti hiyo, kutoka nchi hata nchi, ilikuwa ya ukoo mwembamba sana. Mti huo hujichavusha wenyewe, na mbegu zilizosambazwa zilitokana na wazazi wachache. Akatokea mdudu mdogo anayeruka, mwenye kufyonza majani machanga. Mwaka 1984 alikuwa Hawaii, miaka miwili mitatu baadaye alikuwa ameenea Asia ya kusini-mashariki na Australia, na mwaka 1992 akafika kwetu, Kenya na Tanzania. Machipukizi yakajikunja, yakakauka. Kwa kuwa miti ilikuwa ndugu wa tumbo moja, kilichomuumiza mmoja kiliwaumiza wote. Wataalamu walipotafuta dawa walirudi kwa jamaa wa lusina waliokuwa wamepuuzwa: yule anayependa milima, ambaye wanamwita diversifolia, na mwingine aitwaye pallida. Hao walikuwa hawasifiwi hapo mwanzo. Laiti watu wa Mexico wangaliwang'oa kwa sababu hawana faida, kusingekuwa na mahali pa kurudi.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na sisi, ingawa unahusu muhogo. Kule Amani, Usambara ya mashariki, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902, Waingereza Storey na Nichols walikuwa wakihangaika katika miaka ya 1930 na ugonjwa wa batobato. Muhogo mzuri wote ulikuwa ukiugua. Wakachukua jamaa ya muhogo asiyeliwa, mti uliokuwa umeletwa kwa ajili ya utomvu wa mpira na ambao hauna mizizi ya kufaa chakula, wakauchavusha na muhogo, kisha watoto wake wakawarudisha tena na tena kwa muhogo mpaka mizizi ikanona. Baadaye mbegu ya kazi hiyo ilipelekwa Nigeria, na humo imo damu ya mihogo mingi inayohimili batobato Afrika hata leo. Kwa hiyo wakulima wa mbali wamekula kwa sababu ya mti ambao jirani yetu wa Amani angeukata kuni bila kuwaza.

Kwa swali la kwanza, basi, hatuoni haja ya kusema zaidi. Tulio hai hatujui mwaka wa haja utakuwa upi. Ukame wa 2021 na 2022 uliomaliza ng'ombe wengi Simanjiro ulituonyesha kwamba kalenda ya masika na vuli tuliyowafundisha watoto haiaminiki kama zamani. Kutupa mbegu iliyokwisha kupita katika miaka mingi ya njaa, kwa sababu tu miaka mitatu ya mwisho mbegu nyingine imezaa zaidi, ni kutumia mali ya watu ambao hawajazaliwa bila kuwauliza. Katika Mwanzo tunasoma jinsi Mungu alivyoumba mimea kila mmoja na mbegu yake, na kwamba aliona kuwa ni vyema kabla mwanadamu hajakuwapo kuisifu au kuipima.

Sasa tufike kwenye lile gumu.

Gharama ipo, tusijidanganye. Mama mwenye robo ekari anayeacha mistari miwili ya fiwi ya zamani anapoteza mizigo kadhaa ya majani kila msimu. Majani hayo ni maziwa, na maziwa hayo ni daftari na sare ya shule. Sisi tunaokaa mezani na kuandika kwamba utofauti wa mbegu ni hazina ya dunia tunakula faida ya hazina hiyo, na yeye ndiye anayelipa kodi ya ghala.

Tena faida inaweza kwenda mbali sana naye. Katika vitabu vya malisho kuna fiwi maarufu iitwayo Rongai. Ilitoka Rongai ya Kenya, ikachukuliwa mpaka Australia, na mwaka 1962 ikatolewa rasmi kwa wafugaji wa huko. Wamelisha nayo ng'ombe wengi, na sasa imerudi Afrika ikihesabiwa miongoni mwa mbegu bora. Hatusemi kwamba Waaustralia waliiba. Mbegu ilikuwa hivyo siku zote, watu walipeana, na sisi wenyewe tunakula mahindi ya Mexico na viazi vya Peru bila kumlipa mtu. (Hata ua la dirishani linalouzwa Ulaya kwa jina la urujuani wa Afrika lilitoka katika misitu yetu hii, mwaka 1892, na sijui kama kuna Mshambaa aliyenunua hata kanzu kwa ajili yake.) Tunasema tu kwamba jina la mahali limebaki kwenye pakiti, na watu waliochagua punje hizo mwaka hata mwaka hawamo kabisa katika hesabu.

Kuna wanaojibu kwamba shauri hili limekwisha, kwa kuwa zipo hazina za mbegu. Ni kweli zipo, na tuzishukuru. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo inatunza Addis Ababa sampuli karibu 19,000 za mimea ya malisho. Kule Svalbard, karibu na ncha ya kaskazini, tangu mwaka 2008 kuna ghala lililochimbwa mlimani penye barafu. Umuhimu wake ulionekana vita ilipoingia Syria. Kituo cha kimataifa cha kilimo cha nchi kame, ambacho hazina yake ilikuwa karibu na Aleppo na ilikuwa na mikunde mingi ya malisho, kilikuwa kimetanguliza nakala za mbegu zake Svalbard. Mwaka 2015 kikaomba kurudishiwa sehemu, kikazipanda upya Lebanon na Morocco.

Lakini mbegu iliyo katika baridi imelala. Haijui kwamba vuli imesogea. Ile iliyo ukingoni mwa shamba inachujwa kila mwaka na jua, na wadudu, na mkono wa mama anayechagua, na inabadilika polepole pamoja na nchi. Kwa upande mwingine ile ya shambani inaweza kupotea kwa msiba mmoja: bibi akifa, warithi wakagawana shamba, chombo kikamwagwa kwa kuku. Kwa hiyo zote mbili zinahitajika, na ghala halimwondolei mtu wa shambani wajibu, wala halitulipii deni letu kwake.

Tena, tuseme lile ambalo mahubiri ya Yusufu aghalabu huliacha. Tunamsifu Yusufu kwa kuweka nafaka miaka saba, na ni haki. Lakini tukiendelea kusoma mpaka sura ya 47 tunaona mwisho wake. Watu walitoa fedha zao, wakatoa mifugo yao, mwisho wakatoa mashamba na miili yao wenyewe, wakawa watumwa wa Farao, ndipo wakapewa mbegu za kupanda, nao wakawa wakilipa sehemu ya tano ya mavuno. Mbegu ilihifadhiwa vizuri sana. Aliyeshika ufunguo ndiye aliyepata nchi. Kwa hiyo tukisikia kwamba mbegu fulani imehifadhiwa, tuulize pia ni nani atakayeifungua, na kwa bei gani.

Kuna kisa kingine ambacho kila anayefikiri juu ya jambo hili hana budi kukisimamia. Mji wa Leningrad, Urusi, ulizingirwa na jeshi la Wajerumani kuanzia Septemba 1941 hadi Januari 1944, na watu kwa malaki walikufa njaa. Katikati ya mji ulikuwapo mkusanyo mkubwa wa mbegu uliokusanywa na Nikolai Vavilov, mtaalamu aliyezunguka dunia na ambaye mwaka 1927 alifika hata Ethiopia. Yeye mwenyewe alikuwa amefungwa na serikali yake, akafa gerezani Saratov mwaka 1943. Wafanyakazi wake walibaki wakilinda magunia ya mpunga, karanga, ngano na mikunde, na baadhi yao walikufa kwa njaa wakiwa wamezungukwa na chakula hicho, wasikile.

Je, walifanya vyema? Nje ya mlango walikuwapo watoto wenye njaa. Mtu aweza kusema kwamba mpunga ule ungeokoa maisha kadhaa pale pale, na uhai wa mtoto aliye mbele yako ni mzito kuliko mavuno ya kesho. Mwingine atasema kwamba ungekwisha kwa siku chache na njaa ingaliendelea. Sisi tumelifikiri mara nyingi, na hatuthubutu kuwahukumu. Ila tunaliona jambo moja: walijinyima wenyewe. Njaa waliyoitoa ilikuwa yao, hawakuagiza mtu mwingine afe kwa ajili ya magunia yale huku wao wameshiba. Hapo ndipo sadaka inapotofautiana na dhuluma, ingawa kwa macho ya nje zinafanana, kwa maana katika zote mbili kuna mtu anayekufa njaa karibu na mbegu.

Milima hii ina kumbukumbu yake ya jambo hilo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni iliona udongo wa bonde la Mlalo unaporomoka, na ni kweli ulikuwa unaporomoka. Ikaamuru watu wajenge matuta. Kazi iliwaangukia zaidi wanawake, na hasara iliwaangukia zaidi wenye shamba dogo, kwa kuwa matuta yalikula ardhi yao na hayakuwalisha. Waliokataa walishitakiwa. Watu wakachukia, wakapinga, na kabla ya Uhuru mpango wote ulikuwa umekufa. Lengo lilikuwa jema, na hesabu ya udongo ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa katika kumtwika maskini mzigo wa wote na kumwita mkaidi alipolalamika.

Tulinganishe na yaliyofuata. Mwaka 1981 ulianza Lushoto mradi wa kuhifadhi udongo uliosaidiwa na Wajerumani, ule uliojulikana kwa jina la SECAP. Nao ulitaka makingamaji yafuate mlalo wa mlima, lakini juu yake yalipandwa majani ya gwatemala na miti, na ng'ombe wa bandani akala majani hayo. Ulikuwa na kasoro zake, hatuusifu kupita kiasi. Lakini mtu aliyehifadhi udongo jioni aliona kitu ndani ya ndoo yake. Nchi ilipona kidogo, na aliyeiponya alikunywa maziwa.

Zamani njaa ilipokuja watu walijua wa kumuuliza. Walimwendea Simba Mwene kule Vuga. Kazi yake ilikuwa kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na mambo yakienda vibaya ilisemwa kwamba watawala wanabana shi, wanaiharibu nchi. Hatutaki kuurudisha ufalme, lakini tunaona kulikuwa na akili katika kumtaja mtu kwa jina. Leo kila mmoja anasema utunzaji wa mbegu ni wajibu wa wote, na wajibu wa wote ukiusogelea utaukuta uko mgongoni mwa bibi mmoja mwenye jembe.

Wengine watatuambia kwamba bibi yule halazimishwi, anaitunza fiwi yake kwa kupenda. Ni kweli. Wengi hupenda ladha yake, au waliipewa na mama zao, na ni furaha kuwasikia wakieleza. Lakini kupenda kwake hakufuti deni letu. Yule mjane wa senti mbili tunamsifu kila tukifika wakati wa sadaka, na tunasahau kwamba kabla tu ya kumwonyesha Bwana wetu alikuwa amewakemea wale wanaokula nyumba za wajane. Ni vigumu kumsifu mjane kwa moyo mweupe wakati sisi ndio tunaokula.

Kwa hiyo shauri letu kwa mtaa huu ni dogo, na linawahusu kwanza wenye nafasi: wenye ekari mbili na zaidi, wastaafu wenye pensheni, na shamba la kanisa lenyewe. Hao ndio wapande mistari ya mbegu za zamani, maana mwaka mbaya hautawalaza na njaa. Wenye robo ekari wapande ile inayojaza ndoo, wala wasisemwe vibaya. Mbegu ya kuanzia inunuliwe kutoka kwa akina mama wanaoitunza, kwa bei ya dukani ya mbegu na si kwa bei ya mboga. Nchi yetu inaujua mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, ambao mtu hupewa mtamba na kumpa jirani ndama jike wa kwanza. Na tukope mbegu, tulipe mbegu: kibaba kimoja kikitoka, viwili virudi baada ya mavuno, kimoja kwa jirani na kimoja ghalani.

Katika Sikukuu ya Mavuno fiwi inayoletwa altareni huuzwa mnadani pamoja na ndizi na viazi, na mchana huo huo inakuwa kwenye sufuria. Mwaka huu tunaomba wazee wa kanisa waitenge kabla ya mnada, kila rangi kwenye mfuko wake na mchanganyiko kwenye mfuko wake, na wamwandike aliyeileta pamoja na mahali alipoitoa, kama ni bondeni, ukingoni au nyika. Daftari lipo. Anayetaka kukopa aandikishe jina lake baada ya ibada, na aseme ana ardhi kiasi gani.